Mwinjilisti na Vyura Wake wa Ndala

Ninyi vijana mnaoshuka ziwani Jumamosi na vijiboksi vyenu vya plastiki, someni hii mkiwa mmekaa. Nimewasikia mkibishana pale kwenye mafunjo, chura yupi wa bandia anashika kambale zaidi, wa dukani au wa kutengeneza kwa mkono. Mmoja wenu akaniuliza. Nikamwambia nitaandika, maana nikisema kwa mdomo mnasikia nusu, nusu nyingine mnaangalia simu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Jibu nitawapa. Lakini siwezi kulitoa bila kumweleza mtu aliyetengeneza vyura hao, na wengi wenu hamkumkuta hapa bondeni.

Wote tulimwita Mwinjilisti. Aliongoza ibada katika kanisa letu dogo la Kilutheri huku Kaisho kwa miaka mingi, mchungaji akija mara moja moja. Alizaliwa wapi na nani alimzaa sitawaeleza, hilo halivui samaki. Nyumba yake ilikuwa jirani na yangu, katikati migomba tu, na ukishuka kutoka kwake unafika ziwani kabla jasho halijakutoka.

Alikuwa na vidole vinene, vigumu kama mizizi. Tai hakuweza kujifunga, mkewe alipofariki akaacha kuivaa kabisa. Lakini sindano aliitunga uzi mara ya kwanza. Kuimba hakujua. Alikuwa anaanzisha wimbo kwa sauti moja, anaumaliza kwa sauti ile ile, na sisi wanawake tunamfuata tukijua njia wenyewe. Msibani alifika wa kwanza na jembe lake, akachimba, akanawa, akakaa. Maneno ya kufariji hakuwa nayo. Nilikuwa nashangaa mtu wa kazi ile anakosaje maneno, mpaka siku moja akaniambia, "Jirani, maneno yangu yote nayamaliza Jumapili."

Chura wake alimtengeneza hivi. Anachukua ndala iliyokwisha, anakata kipande cha soli ukubwa wa kidole gumba cha mwanaume, anakichonga kwa kisu mpaka kipate kichwa na tumbo. Anakivika tyubu nyeusi ya baiskeli na kuishona chini ya tumbo. Miguu ni nyuzi za katani. Kisha ndoana mbili, zimelala mgongoni, ncha zikitazama juu, ili chura ateleze juu ya mayungiyungi na magugu bila kunasa. Samaki akimbana kwa mdomo, ndala inabonyea, ncha zinatokeza. Hiyo ndiyo kazi yote. Unamtupa, unamvuta kidogo, unamwacha. Unamvuta tena, unamwacha. Mwinjilisti alikuwa anamwacha muda mrefu mpaka wewe uliyesimama nyuma unataka kumnyang'anya fimbo. Alikuwa anasema, "Chura wa kweli hana haraka ya kwenda kuliwa."

Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa kwa miaka. Ndoana mnaijua, ina kijino kidogo karibu na ncha, kinachomzuia samaki asichomoke. Yeye alikuwa anachukua tupa na kukisugua kijino hicho mpaka ndoana inabaki laini kama sindano. Nikamwambia, "Unajipunguzia samaki kwa mkono wako mwenyewe." Akasema ndiyo. Akaendelea kusugua.

Nilikuja kuona sababu kwa macho yangu siku moja nikichota maji. Fimbo yake ilipinda, nikadhani ni kambale mkubwa, akavuta taratibu, na kilichotoka ni kamongo, samaki wa matope mwenye umbo la nyoka, mrefu kama mkono wangu, anajinyonga kwenye tope. Mwinjilisti akapiga magoti. Akalowesha mikono kwanza. Akamtoa ndoana kinywani, ikatoka bila kuchana hata kidogo, akamsukuma majini kwa viganja viwili kama mtu anayemlaza mtoto. Kamongo ndiye mziro wa ukoo wao. Ninyi wa siku hizi pengine hamjui mziro, basi jueni: ni kile ambacho ukoo hauli tangu zamani, na ukikikuta unakiachia kikiwa kizima. Sasa kamongo anakaa kwenye tope lile lile la kambale, na chura anamtamani vile vile. Kwa hiyo Mwinjilisti alisugua kila ndoana yake ili siku akimnasa ndugu yake, amwachie bila jeraha. Kambale waliochomoka kwa sababu hiyo ni wengi, hakuna aliyewahesabu.

Nikamchokoza. Nikasema, "Wewe si ndiye uliyetuhubiria kwamba hakuna chakula kilicho najisi?"

"Nilisema si dhambi," akajibu. "Sikusema nitakula."

Ndivyo alivyokuwa. Uongo aliuchukia kuliko ugonjwa. Kuna mzee mmoja aliyedai mgongo unamuuma siku ya kubeba mawe ya kanisa, na jioni akaonekana anacheza ngoma harusini. Jumapili Mwinjilisti alimsimamisha, akamuuliza mgongo unaendeleaje, mbele ya watu wote, na akasubiri jibu. Alisubiri kama anavyosubiri na chura wake. Yule mzee alilowa jasho. Baada ya ibada nilimfuata Mwinjilisti nje nikamwambia, "Mbona wewe unatembea na uongo wenye miguu ya katani mfukoni?" Hakucheka. Alifikiri kabisa. Akasema, "Samaki simhubirii."

Mfuko wenyewe ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, na humo ndimo alimoweka vyura pamoja na kahawa yake ya kutafuna. Nilimkanya. Kwetu mgeni akiingia anapewa punje za kahawa kiganjani kabla ya neno lolote, na kuikataa ni kumkataa mwenye nyumba. Kwa hiyo kila aliyemtembelea Mwinjilisti alitafuna kahawa yenye harufu ya tope na hakusema kitu. Siku moja mchungaji alikuja kukagua daftari la ubatizo. Akapewa. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatia vidole mdomoni akavuta uzi, ukawa unatoka tu.

"Mwinjilisti," akasema, "kahawa yako ina nywele."

"Ni mguu, Mchungaji."

Tulikuwa wanawake wanne barazani na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Msidhani nilimpenda wakati wote. Kuna wiki mbili sikumsalimu. Nilikuwa natoka ziwani na ndoo kichwani, na yeye alikuwa amelaza fimbo yake ya kuvulia katikati ya njia akifunga mshipi. Nikairuka. Ningefanya nini, nizunguke na ndoo nipitie kwenye miiba? Wavuvi wa zamani hawataki mwanamke aruke fimbo wala mshipi, wanasema samaki wanakimbia. Mwinjilisti hakunigombeza. Aliiokota, akaivunja gotini mara tatu, akavirundika vipande vizuri kama kuni.

Nikasema, "Wewe ndiye uliyeiweka njiani."

"Sikulaumu, jirani. Fimbo imekwisha, basi."

Hilo la kutonilaumu ndilo lililoniudhi. Angenigombeza ningemjibu, na ninajua kujibu. Jumapili mbili nilikaa benchi la nyuma kabisa. Wiki ya tatu nikakuta kambale wa kukausha mlangoni, amefungwa kwa ganda la mgomba. Nilimpika kwa ndizi. Alikuwa mtamu. Sikumwambia.

Na kuna lile la mume wangu. Mume wangu alipofariki, Mwinjilisti alikaa kwetu siku zote za matanga, pembeni ya moto, kimya, akichonga. Siku watu walipotawanyika alisimama akaniambia, "Nipe ndala zake."

Nilimtazama. Nilidhani sikusikia vizuri. Nguo za marehemu zilikuwa zimekwisha gawiwa kwa ndugu, kila kitu kwa utaratibu wake, na huyu anataka ndala. Nikamwambia zipo chini ya kitanda, mguu mmoja umekatika mkanda, kama anazitaka aingie achukue. Akaingia akachukua. Zilikuwa za bluu. Mwezi uliofuata nilimwona ziwani na chura ambaye tumbo lake, mahali tyubu ilipoishia, lilionyesha bluu kidogo. Akaniita nisogee. Akamtupa. Yule chura alitua kwa tumbo, akakaa juu ya maji wima, hakuyumba.

"Huyu anaelea kuliko wote," akasema. "Alikuwa anakanyaga sawasawa, mumeo. Soli haijalika upande."

Ndiyo rambirambi niliyopata kwake, na sijapata nyingine niliyoikumbuka.

Sasa nifike kwenye swali lenu.

Mwinjilisti alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, anafanya kazi ofisi za wilaya kule Rubwera. Kijana mzuri, anakuja na sukari, anasalimu watu wote. Baba alipoanza kupata ukungu machoni, mtoto akataka ahamie kwake. Baba akakataa. Kisha siku moja Mwinjilisti alikanyaga mahali alipodhani ni nchi kavu, kumbe ni magugu tu, akazama mpaka kifuani. Wanawake waliokuwa wakifua walimkuta ameshika mafunjo, fimbo bado mkononi, anaongea na chura wake taratibu kwamba asiogope. Wakamvuta. Mtoto aliposikia alikuja siku hiyo hiyo, na safari hii hakuja na sukari. Alikuja na kiboksi cha plastiki.

Ndani mlikuwa na chura wa dukani, wa kwanza kuonekana hapa. Wa kijani, tumbo la njano, macho yamechorwa, miguu ya nyuzi za mpira zinazotetemeka ukizipulizia. Alisema amemnunua Mwanza. Akaketi barazani kwa baba yake, mimi nikiwepo, akasema, "Baba, wewe unasema hutahama kwa sababu ya ziwa. Basi tulimalize ziwani. Mimi na huyu, wewe na wa kwako, asubuhi moja. Nikikushinda, unahamia Rubwera. Ukinishinda, sisemi tena neno."

Baba yake alimchukua yule chura, akambonyeza, akamnusa, akampitisha shavuni. "Na tukilingana?"

"Tukilingana unabaki."

"Nani atahesabu?"

Wote wawili wakanitazama. Kaisho nzima inajua mimi sipendelei mtu. Wanangu wenyewe nimewahi kuwapeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Nikasema nitahesabu, ila nisiletewe maneno baadaye. Laiti ningesema nina kazi shambani.

Jumamosi iliyofuata tulishuka jua likichomoza. Nilikaa juu ya debe nililoligeuza, na kwenye pindo la kanga nilikuwa na maharage, meusi ya baba, meupe ya mtoto. Samaki mmoja, punje moja kwenye kikopo chake. Mpaka saa nne kamili, basi.

Nitawaambia nilichoona kuhusu chura, maana ndicho mnachotaka. Wa dukani ana kichuma kizito ndani, upande wa tumbo, kwa hiyo ukimrusha hovyo hovyo bado anatua kwa tumbo. Wa ndala mara nyingine anatua chali, ndoana chini, ananasa kwenye magugu, na unapoteza muda kumnasua. Wa dukani ana uwazi tumboni, samaki akimbana anabonyea mwili mzima, hapo amemshinda wa ndala. Lakini uwazi huo unaingiza maji. Kila baada ya kurusha mara chache yule kijana alikuwa anamkamua kama chuchu ya ng'ombe, vinginevyo anazama. Wa ndala haingizi kitu. Rangi ya kijani inamfurahisha mnunuzi, samaki aliye chini anaona kivuli tu, na kivuli cha wa ndala ni cheusi na kizito zaidi. Asubuhi mapema, mwanga ukiwa mdogo, Mwinjilisti alikuwa mbele. Tatu kwa moja. Na alikuwa haoni matundu kati ya mayungiyungi. Alikuwa anarusha, anasikiliza chura akitua, kama ametua kwenye jani anamvuta haraka, kama ametua majini anamwacha.

Jua lilipopanda, mtoto akashika mwendo. Kambale wake walikuwa hawachomoki. Chura wa dukani amekuja na ndoana zake, na ndoana zina vijino, na hakuna aliyezisugua. Mwinjilisti alinasa kambale wengine watatu ninaowajua, nimewaona mkia, na wawili walichomoka ukingoni kabisa. Nilitazama ile ndoana laini inarudi tupu. Sikusema kitu, mhesabuji hasemi.

Ikawa nne kwa tano, mtoto mbele. Muda umebaki kidogo. Mwinjilisti akarusha yule chura wa bluu, mahali penye tope nene, akamwacha. Mimi nilishika punje nyeusi mkononi kabla hata hajavuta, sijui kwa nini. Maji yakafunguka. Fimbo ikapinda. Akavuta taratibu, mtoto wake ameacha kuvua anaangalia, na kilichotoka kilikuwa kamongo.

Alipiga magoti kama kawaida. Akalowesha mikono.

Mtoto akasema, "Tano kwa tano. Baba, unabaki."

Mwinjilisti akamtoa kamongo ndoana. "Huyu hahesabiwi."

"Baba, kamongo ni samaki."

"Kwa wengine."

"Nasema ni samaki. Mimi ninayeshindana nawe ndiye ninasema. Mama, tia punje."

Angalieni vizuri hapo. Yule kijana alitoka Rubwera kuja kumchukua baba yake, na sasa alikuwa anamwombea abaki. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitaka nitie ile punje kuliko alivyotaka kushinda.

Nikamuuliza Mwinjilisti, "Unasemaje?"

Alikuwa bado amemshika kamongo majini, anampumzisha kabla ya kumwachia. "Kumhesabu ni kumfanya kitoweo," akasema. "Sikuja kumvua huyu. Hukumu, jirani."

Nikasema, "Tano kwa nne. Mtoto ameshinda."

Wiki iliyofuata gari dogo lilikuja likapakia kitanda chake na Biblia na ule mfuko wa mbuzi. Fimbo alizigawa. Ile punje nyeusi sikumbuki niliitupa wapi, nasema kweli. Lakini kiganja kinaikumbuka. Miaka mitatu nilikuwa nikichambua maharage nasimama katikati ya kazi.

Sikwenda kumsalimia. Nilijiambia Rubwera ni mbali, na si mbali, bodaboda zinakwenda na kurudi kutwa. Kiangazi hiki kilichopita niliitwa ofisi za wilaya kwa ajili ya kitambulisho, nikamaliza mapema, nikauliza nyumba.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta wa tofali. Mkononi alikuwa na ufito mfupi na kamba. Alikuwa anarusha chura kwenye nyasi za uani, anamvuta, anamwacha. Kuku sita walikuwa wanamfuata yule chura, na kila akisimama nao wanasimama, wanainamisha shingo.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

Akainua kichwa. Macho yamekuwa meupe. "Marahaba. Umekonda, jirani. Unakanyaga kwa wepesi."

"Nimezeeka."

"Hilo nalo." Akatia mkono mfukoni, akanipa kahawa. Nikatafuna. Harufu ya tope ilikuwa imetoka, ilikuwa kahawa tupu. Nitawaambia ukweli, hapo ndipo nilipoumia.

Nikamuuliza hali. Akasema, "Nakula. Nalala. Bati halivuji. Mkwe wangu ananiosha hata miguu. Sina la kulalamikia, jirani, na hilo linachosha." Kisha akaniuliza mafunjo yamefika wapi, na kama ule upande wa tope nene bado upo. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia juu yenu, na vijiboksi vyenu.

"Wanashika?"

"Wanashika."

"Ni chura mzuri yule. Nilimshika mkononi. Aliyemtengeneza amewahi kukaa chini akamtazama chura." Akamvuta wa kwake kidogo, kuku wakasogea. "Kosa lake ni moja, hajui kuachia."

Hilo ndilo jibu lenu, vijana. Lilitoka kinywani mwake, mimi sina la kuongeza.

Nikamwambia, "Ningetia ile punje ungebaki."

"Ungetia, ningeitoa."

"Nisingekupa kikopo."

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue kucheka kwa sauti. Kuku wakatawanyika. Kisha akavuta kamba, akamshika yule chura, akanyoosha mkono kunipa. Alikuwa yule wa bluu. Kuku walikuwa wamekwisha kumng'oa miguu, na mshono wa tumbo umefunguka, soli ya mume wangu imetokeza.

"Mikono inatetemeka," akasema. "Nishonee."

"Mimi? Si mwanamke mimi, niliyeruka fimbo yako ukaivunja?"

"Nimekuomba, jirani."

Nilikuwa na nyuzi za mkeka kikapuni. Nikakaa chini, nikamshona. Nilimwekea miguu mirefu kuliko aliyozoea, akaipapasa, akaniambia nipunguze, nikapunguza. Tulifanya hivyo mpaka mtoto wake akarudi kutoka kazini.

Yule kijana alinisalimu kwa heshima, akaingia ndani kuniletea chai. Nikamfuata jikoni. Nikamwambia baba yake aje kwangu wiki moja kila mwezi, nina wajukuu wa kumshika mkono mpaka ukingoni, na chumba ninacho.

Akaweka birika chini. "Mama, wewe ndiye uliyesema ameshindwa."

"Ndiyo. Nilihukumu akae kwako. Sikuhukumu akae na kuku."

Alisimama pale anafunika na kufunua sufuria isiyo na kitu. Nikasubiri, nami nimejifunza kusubiri. Mwisho akasema, "Na akizama?"

"Hatakanyaga ukingo bila mtu. Hilo unidai mimi."

Akaitika.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Wanangu na wakwe zangu na wajukuu nikawaita uani wote, aliyekuwa anapika akaacha, nikawaambia: "Chumba cha nyuma kitoeni magunia ya kahawa, leo, wekeni kitanda, Mwinjilisti anakuja Jumamosi. Akiwa humu, kamongo asipikwe nyumba hii, hata akiletwa bure. Tafuteni tupa. Na fimbo yake mtaikuta imelala popote, mlangoni, njiani, popote atakapoiweka. Asiiruke mtu. Zungukeni."